Siku Tano za Kungoja Damu

Wewe mwenzangu, binti yako akiwaka homa, ungekubali kungoja majibu siku tano? Mama aliyeketi mbele yangu kwenye basi la kutoka hospitali alimuuliza hivyo hivyo mpimaji wa maabara, bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kipimo cha haraka kilishasema taifodi mara tatu. Wewe ukang'ang'ania chupa zako!"

"Mama yangu, kipimo kile huweza kuonyesha hata taifodi iliyopona zamani. Mwezi uliopita wagonjwa arobaini waliambiwa wanayo. Tulipoiweka damu yao kwenye chupa siku tano ili vijidudu viote, vya taifodi tuliviona kwa watatu tu."

"Na wale wengine walimeza dawa za nani?"

Tulicheka, mimi nikifunika mdomo, maana meno yangu ya mbele yameshaniaga.

"Ndiyo maana nawahesabu, mama."

"Hesabu zako zimenikondesha!"

Basi likasimama. Mama akashuka ngazi moja, kisha akamgeukia.

"Hata njia hii si yangu, nimekufuata wewe. Chupa zako zilionyesha vijidudu vilivyotoka kwenye figo, binti yangu akapewa dawa yake, na leo ameomba chakula mwenyewe. Nilitaka kukwambia asante, baba."