Mama Gasper na Kibuyu Kisichooshwa

Ndugu wafiwa, majirani wa Kitangari, na wageni mliopanda kutoka Masasi, ukoo umetaka haya yasomwe yote, hata yanayotuaibisha.

Marehemu Yuliana Vitalis, mama Gasper, alizaliwa Lupaso tarehe 14 Machi 1948, akasoma hapohapo hadi 1963, akapata mafunzo ya maabara, na tangu 1970 akafanya kazi katika maabara ya hospitali, akichungulia kwenye darubini vitu ambavyo sisi wengine tutakufa bila kuviona. Tarehe 8 Oktoba 1972 alifunga ndoa na Filemoni wa hapa Kitangari, wakajaliwa mtoto mmoja, Gasper.

Mwaka 1994, wafanyakazi walipopunguzwa na maduka yakajaa soda na maziwa ya kopo kutoka nje, alirudi kwa mumewe akawa anauza togwa ya mtama, na hapo maneno ya uchawi yakaanza, maana kibuyu chake cha kuchachushia hakukiosha hata siku moja, kila mara alibakiza togwa ya jana. Aliyemshuku kuliko wote ni shemeji yake Stefano, mdogo wa Filemoni, ambaye alfajiri moja alimvizia nyuma ya ua, akamwona akitia sukari kibuyuni na kusema, "Kuleni, wanangu, leo mna kazi." Stefano akajiuliza, huyu ana mtoto mmoja tu, sasa hao wana wengine ni wa nani?

Marehemu alimweleza, jamani, tena kwa upole, kwamba hao wana ni bakteria rafiki wa tumbo, wanakula sukari na kuacha uchachu unaowafukuza wabaya, na kwamba protini ileile inayovunja sukari ndani yao, ikikaa nje ya miili yao huwasaidia kushika ukuta wa utumbo, moja kwa kazi mbili, kama mwalimu wa miaka ile, asubuhi chaki, jioni anauza maandazi. Stefano akaitikia, na hakuamini hata neno moja.

Februari 1998 binti wa Stefano, Rose, wa miaka minne, aliharisha, akatibiwa hospitali, akarudi mifupa mitupu, kila chakula anatapika isipokuwa togwa ya mama yake mkubwa. Stefano alipojua, alichemsha maji, akayamimina kibuyuni, akasugua kwa majivu. Togwa haikuchacha tena, na Rose akakataa kila kitu, siku mbili. Marehemu hakuuliza ni nani, alitembea hadi Mnyambe kwa rafiki yake Mwanaisha, ambaye yeye marehemu aliwahi kumgawia mbegu ya kuchachushia togwa ile, akarudi na nusu chupa, akamwambia baba wa mtoto, "Shemeji, onja wewe kwanza." Akaonja, kisha Rose akanywa, ikatulia tumboni.

Marehemu alianza kuugua moyo Juni 2003, akafariki nyumbani tarehe 2 Septemba 2004, akiwa na miaka 56. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa maabara, na Mwanaisha.

Stefano huyo ndiye anayewasomea. Miaka sita hakuniuliza, nami sikumwambia, na sasa namwambia akiwa hasikii. Rose yuko pale mbele, amepakata kibuyu, asubuhi amekitia sukari. Pumzika kwa amani, shemeji, hakuna atakayekiosha.