Behnam Isho Kakos na Ubatizo Uliomsubiri

Marehemu Behnam Isho Kakos alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Karmasha, katika uwanda wa Ninawi, akiwa mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa marehemu Isho na Bi. Katto, akabatizwa katika kanisa hili hili. Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1967 hadi 1973, akaacha masomo baba yake alipofariki, akaingia kinu cha ufuta, ambako alifanya kazi miaka saba, kila jioni akirudi amejaa harufu ya ufuta wa kukaanga, hata mama yake akamtania kwamba atakayekubali kuolewa naye awe anapenda halua.

Tarehe 3 Agosti 1980 alifunga ndoa na Warina binti Toma, mwezi uliofuata vita na nchi jirani vikaanza, na Oktoba akaitwa jeshini. Alitekwa tarehe 24 Machi 1982, na Warina, aliyekuwa na mimba ya miezi sita tangu likizo ya mwisho ya mumewe, hakujua kama ni mke au mjane hadi Novemba, barua yake ya kwanza kutoka kambi ya mateka ilipoletwa na Msalaba Mwekundu. Wakati huo binti yao Nahrin alikuwa amekwisha kuzaliwa, tarehe 9 Juni, naye Warina akamwandikia, na Behnam akajibu, "Asibatizwe mpaka nije. Nitamshika mwenyewe."

Tangu hapo Warina hakutulia, kila gari la askari liliposimama barabarani alitoka mbio na mtoto kiunoni, na gauni jeupe la ubatizo lilifumuliwa na kuongezwa kitambaa mara nne. Bi. Katto, akioka mikate, alimwambia, "Mkwe wangu, mtoto anatafuna mkate mgumu kunishinda mimi, na bado hajabatizwa. Unamngoja Behnam au unamngoja Papa?"

Januari 1986 Nahrin aliugua surua, akazidiwa, na Bi. Katto akaja na bakuli la maji ili ambatize mwenyewe kabla hajakata roho, lakini Warina akasimama mlangoni.

"Mama, ukimmwagia maji hayo, utakuwa umemzika mwanao."

Bi. Katto aliweka bakuli chini. Mtoto alipona, na Warina, kwa kuogopa alichokifanya, akamwandikia mumewe kumwomba ruhusa, jibu likafika Septemba, kwa mwandiko wa kutetemeka: "Mbatize. Msinisubiri." Warina aliificha barua hiyo, hakumwambia mtu, wala hakumbatiza mtoto.

Behnam alikuwa ameshafariki tarehe 2 Juni 1986, baada ya kuugua kuhara damu kwa wiki tatu, kama alivyotueleza mfungwa mwenzake, Bw. Hanna Zaya, aliyerudi Agosti mwaka huu. Jeneza lake lilipofika Jumanne, Warina alimsomea mama mkwe wake barua ile, akitazamia kufukuzwa.

"Miaka minne umelia peke yako?" Bi. Katto akasema. "Ungeniita, mwanangu."

Familia inamshukuru daktari mfungwa aliyempa marehemu shuka lake, majirani waliotuvunia ngano mavuno manane, na wafanyakazi wa kinu, ambao leo wamefunga mashine. Kesho, Jumapili tarehe 28 Oktoba 1990, baada ya ibada ya asubuhi, Nahrin atabatizwa, ana miaka minane na ni mzito, lakini Bw. Hanna, ambaye mikono yake ndiyo iliyomfumba Behnam macho, amekubali kumshika.

Pumzika, Behnam, kwa amani ya Bwana. Kesho kengele ikilia, tutaingia.