Vitu vya Watu Nyumbani kwa Fundi Sixbert Luambano

Nilimwona marehemu Sixbert Luambano kwa mara ya kwanza siku ya Jumapili, tarehe 8 Oktoba 1995, saa tisa alasiri, nyumbani kwetu Maposeni. Alikuja akisukuma baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga redio kaseti yetu kwa mpira, na ameifunika kwa koti lake ili vumbi lisiingie.

Redio ile dada yangu Fortunata alikuwa ameipeleka wiki mbili kabla kwa marehemu, aliyekuwa fundi huko Ruhuwiko, ili aitengeneze. Ndani yake kulikuwa na kaseti ya baba yetu, Mzee Osmund Tawete, aliyefariki mwaka 1994. Krismasi ya mwisho ya maisha yake baba alijirekodi akisimulia jinsi babu yake alivyofika Maposeni na kulima shamba la kwanza. Picha yake tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, tena ya kundi, na uso wake haukuonekana vizuri. Kwa hiyo kaseti ile ndiyo ilikuwa baba.

Marehemu hakutaka kukaa. Alisimama mbele ya mama yetu, Bibi Ida, akatoa shikamoo, kisha akasema, "Mama, redio imepona. Ila nimefanya kosa."

Akaeleza kwamba baada ya kuitengeneza alitaka kujua kama inarekodi. Akabonyeza kitufe cha kurekodi bila kuangalia kilichomo, akaiacha izunguke huku yeye anatengeneza pasi ya mtu mwingine. Tukaisikiliza hapo hapo uani. Mahali pa baba palikuwa na fundi anahesabu moja mpaka kumi, halafu nyundo, halafu fundi anafukuza kuku.

Aliyesema kwanza ni Fortunata. "Mimi nilikuachia redio ina mtu ndani. Umeniletea redio tupu."

"Ni kweli," akasema marehemu.

"Ni kweli, basi? Ndiyo imeisha hivyo?"

"Kuna mtu mwingine mwenye sauti ya mzee?"

Mama akasema kaka yetu Pankrasi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko Muheza, alitumiwa barua ya kaseti na baba mwaka 1992. Marehemu akauliza jina la shamba na jina la kambi, akayaandika kiganjani kwa kalamu, akaaga. Hajafika hata barabarani, Fortunata akasema kwa sauti ambayo naamini aliisikia, "Huyo hatumwoni tena."

Marehemu Sixbert alizaliwa tarehe 2 Novemba 1963 huko Matogoro, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Anselmo Luambano na Bibi Paskalina Mbano. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mahindi na maharage. Alibatizwa mwezi huo huo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, alipomaliza darasa la saba. Akiwa darasa la tano alifungua saa ya mezani ya baba yake ili aone ni kitu gani kinachotembea humo. Akairudishia vyote, ikatembea, lakini mkononi ikabaki skurubu moja. Alikaa na skurubu hiyo mfukoni mwaka mzima akisubiri saa isimame ili akiri. Haikusimama. Dada zake wanasema saa ile ilikuja kusimama baba yao alipokwisha kuzeeka, na hata hapo ni kwa sababu alisahau kuitia ufunguo.

Mwaka 1980 alikwenda mjini Songea kujifunza ufundi wa redio na vyombo vya umeme kwa Mzee Joachim Haule, akakaa naye miaka saba hadi mzee huyo alipofariki mwaka 1987. Jambo lililotokea baada ya msiba ule ndilo lililomfanya marehemu awe fundi tuliyemjua. Siku ya kumaliza msiba, ndugu walikaa wakagawana vilivyokuwa chumbani kwa Mzee Joachim. Hawakujua kipi ni cha kwake na kipi ni cha wateja. Gramafoni ya mtu ikaenda Mbinga na mpwa. Feni ya mtu ikaenda kwa shangazi. Wenyewe walipokuja waliona haya kudai kwa wafiwa, wakaenda kusemea vilabuni, na jina la mzee yule likachafuka naye hayupo wa kujitetea. Marehemu alijaribu kuvifuatilia, akapata vitatu tu. Tangu hapo alikuwa na hofu moja, na aliisema wazi kwa kila aliyemfahamu. Hakutaka kufa akiwa na kitu cha mtu ndani ya nyumba yake.

Alianza kazi yake mwenyewe nyumbani, Ruhuwiko, mwaka 1988, kwenye chumba cha mbele. Kila alichopokea alikibandika karatasi chini yake, yenye jina la mwenyewe, kijiji, tarehe na ugonjwa. Baada ya kosa la kaseti yetu aliongeza swali. Kabla hajagusa chochote alimwuliza mwenyewe, "Ndani kuna nini?" Watu walimcheka, maana aliuliza hata kwa pasi.

Alipenda zaidi vyombo vya zamani ambavyo mafundi wengine walivikataa. Redio ya mbao iliyopoteza kitufe aliichongea kingine cha mninga. Mkanda wa gramafoni aliukata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Masanduku ya redio yaliyopauka aliyasugua kwa nta ya nyuki mpaka mwenyewe akija anauliza yake iko wapi. Hakuwahi kumwambia mtu anunue mpya. Akishindwa, alisema ameshindwa, na alikirudisha kitu kikiwa kimefungwa skurubu zote.

Sasa nirudi kwenye ile kaseti, kwa sababu ndiyo habari ya ndoa yake. Mwezi Februari 1996 marehemu alipanda basi akaenda Muheza. Alimpata kaka Pankrasi kambini, na kaseti ilikuwepo, lakini ilikuwa imeliwa na redio na kupata ukungu. Alirudi nayo, akakaa nayo wiki tatu. Aliuzungusha utepe wake kwa penseli, akaupangusa kidogo kidogo kwa pamba na spiriti, akauunga mahali panne palipokatika. Siku ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1996, akaja nayo Maposeni.

Alimwuliza mama kama yuko tayari, ndipo akaiwasha. Baba akaanza kuongea. Alimsalimu Pankrasi, akamgombeza kwa kutoandika barua, akamweleza habari za mvua. Halafu akasema, "Fortunata bado yupo hapa nyumbani. Anachagua wanaume kama anachagua mbegu ya mahindi."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu tulipozika.

"Zima hiyo," akasema Fortunata.

"Siwezi kumzima mzee akiwa anaongea," akasema marehemu, na aliangalia chini.

Maneno hayakuwa yale ya Krismasi. Yale yalipotea moja kwa moja, na marehemu hakuwahi kusema ameyarudisha. Lakini sauti ilikuwa ndiyo ile. Ilipoisha, Fortunata akamwuliza ilimchukua siku ngapi kwenda Muheza.

"Siku tatu."

"Na kurudi?"

"Nne. Basi liliharibika taa, ikabidi nilitengeneze."

Fortunata akaingia ndani kumpakulia chakula. Posa ililetwa mwaka uliofuata, nao wakafunga ndoa takatifu Peramiho, siku ya Jumamosi, tarehe 27 Septemba 1997. Mungu aliwajalia watoto watatu. Waliishi vizuri. Walitaniana sana, na mgeni asiyewajua angeweza kudhani wanagombana.

Mwezi Januari mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alipelekwa hospitali, na daktari akamweleza kwamba moyo umetanuka. Aliporudi nyumbani hakuulizia dawa kwanza. Alimwomba Fortunata amsomee karatasi zote zilizobandikwa chini ya vitu. Vilikuwa vitu kumi na tisa. Vingine vilikuwa vimepona zamani na wenyewe hawakuja, kimoja tangu mwaka 2009. Vingine bado vilikuwa vibovu. Akasema, "Kumi na tisa ni vingi. Tuanze leo."

Kitanda tulikihamishia chumba cha mbele, akatengeneza akiwa amekaa hapo, Fortunata akimpa vifaa. Kazi yangu mimi ilikuwa kupeleka, pamoja na jirani yake Kassimu, dereva wa bajaji kutoka Tunduru, ambaye alijitolea mwenyewe bila kuombwa.

"Fundi, mwenye feni hii kahamia Namtumbo," Kassimu alimwambia siku moja.

"Namtumbo siyo Ulaya."

"Na bajaji siyo basi, mzee wangu."

"Ndiyo maana unakwenda na shemeji. Mkikwama atasukuma."

Tulikwama, nikasukuma. Feni ilifika.

Wengine tulikuta wamefariki, tukawakabidhi watoto wao. Mama mmoja hapa Songea alikataa pasi yake, akasema anayo mpya, fundi abaki nayo. Marehemu aliturudisha. Alitaka mama huyo aseme hivyo mbele ya mashahidi wawili, ili asije mtu baadaye akasema pasi ilichukuliwa. Tulipofika mara ya pili mama akaishika, akaigeuza, akasema hapana, hii nilipewa siku ya arusi yangu, iacheni.

Mwishoni mwa Mei kilibaki kitu kimoja, redio ya mbao ya Mwalimu Saimon, mstaafu aliyekuja kufundisha huku kutoka Kagera akabaki Matogoro. Ni redio ya zamani, ya zile ambazo ndani zina taa na zinasubiri kupata moto ndipo ziongee. Taa moja ilikuwa imekufa na haipatikani tena madukani. Marehemu akaagiza taa hiyo itolewe kwenye redio yake mwenyewe, ile aliyoinunua kwa kazi yake ya kwanza. Violeth, binti yake mkubwa, alimwomba asifanye hivyo. Alimwambia redio ile watoto wangependa kubaki nayo. Akamjibu kwa upole, "Mtabaki nayo. Haitaongea tu."

Kulikuwa pia na waya mbili za kulehemu, na mikono ya marehemu ilishaanza kutetemeka. Alijaribu siku mbili, akaweka chini. Nadhani aliona hatawahi. Kesho yake Fortunata alikaa pembeni yake akakishika yeye kile chuma cha moto cha kulehemu.

"Taratibu," marehemu akamwambia. "Usiibandike kama ugali."

"Miaka ishirini na saba nakupikia ugali, leo ndiyo unaukosoa?"

"Sijaukosoa. Nasema hapo siyo mahali pake."

Iliwachukua siku tano, kwa vipande vya nusu saa, kwa sababu ya pumzi. Jumanne, tarehe 10 Juni, redio ilipata moto, ikakwaruza kidogo, ikaongea. Mimi na Kassimu tukaipeleka Matogoro mchana huo huo.

Marehemu Sixbert Luambano alifariki dunia nyumbani kwake Ruhuwiko, Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa usingizini na mke wake akiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Alikuwa amepokea sakramenti za mwisho siku ya Jumapili.

Ameacha mjane, Fortunata; watoto watatu, Violeth, Derick na Dorine; wajukuu wanne; dada zake wawili na mdogo wake mmoja; mama mkwe wake, Bibi Ida, ambaye yupo nasi hapa; na sisi mashemeji zake, Pankrasi na mimi Anord. Ameacha pia watu wengi ambao leo asubuhi wamesikiliza matangazo ya msiba wake kwenye redio alizozifufua yeye.

Ndugu mtakaokaa siku ya kumaliza msiba, gawaneni bila wasiwasi. Kila kilichobaki chumba cha mbele ni cha kwake. Mungu aliyempa mikono ile ampokee, na ampe pumziko lenye amani.

Maneno yake ya mwisho kwangu aliyasema Jumanne hiyo, saa kumi jioni, niliporudi kutoka Matogoro. Alikuwa ameegemea mto, dirisha likiwa wazi. Nilimweleza kwamba Mwalimu ameiwasha kwa mkono wake, ikaongea, na akaniambia nimpe asante. Marehemu aliangalia meza, akaangalia rafu, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni. Akasema, "Keti, shemeji. Humu ndani sasa hakuna kitu cha mtu."