Barua Aliyoisoma Marehemu Mwalimu Ku Jun-mei (1929–2016)

Marehemu Mwalimu Ku Jun-mei alizaliwa tarehe 9 Machi 1929 katika kijiji cha Tungkeng, vilima vya Miaoli, Taiwan. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ku Te-wang na Bi. Fan Tai-mei, wakulima wa chai.

Mwaka 1936, enzi za Wajapani, alianza shule ya msingi ya kijiji. Huko alichapwa kwa kuongea Kihakka, lugha ya kwao, akakishika Kijapani barabara, pamoja na mwandiko wake wa brashi. Kuanzia 1948 alifundisha shuleni hapohapo hadi alipostaafu mwaka 1989. Tarehe 2 Februari 1952 aliolewa na Mzee Liu Teng-hsi, fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili, Hui-chen na Hui-ying.

Baada ya kustaafu, kila Jumanne alipanda basi hadi Nantou, kwenye hifadhi ya nyaraka, kusoma barua ambazo maofisa wa kikoloni wa wilayani waliandikiana na makao makuu. Mwandiko wa makarani uliwashinda wengi, si yeye. “Huyu alikuwa na njaa,” alicheka. “Ona maneno yanavyokimbilia chakula cha mchana.”

Alikuwa na swali. Mwaka 1912 wanaume saba wa Tungkeng walikamatwa na Wajapani, wasirudi tena. Kijiji kiliamini aliyewachongea ni mzee wa ukoo wa Peng. Tangu hapo hakuna aliyeoa kwao wala kunywa chai yao. Tarehe 14 Mei 1996 Mwalimu aliipata barua ya mchongezi, imeambatanishwa na ya mkuu wa wilaya. Muhuri ulikuwa wa Ku A-lung, babu yake mzaa baba.

“Miaka themanini hakuna aliyekuuliza,” mumewe alimwambia. “Kiherehere cha nini, mama Hui-chen?”

“Akina Peng wanaulizwa kila siku.”

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Peng Shih-fu, mmoja wa wazao wa mzee yule aliyesingiziwa, akamsomea nakala akiwa amesimama uani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Mwalimu, ingia ndani. Maji ya chai yamechemka.”

Jumapili iliyofuata aliisoma tena mbele ya kijiji kizima. Mdogo wake, Ku Jun-fa, aliacha kusema naye.

Mumewe alifariki mwaka 2007. Mwalimu aliugua figo kuanzia Machi mwaka huu. Mwezi Septemba Jun-fa alikuja hospitalini, akaketi kando ya kitanda.

“Ungeniambia mimi kwanza, dada.”

“Ungenizuia.”

“Ningekuzuia,” alikiri, akaanza kummenyea chungwa.

Mwalimu alifariki tarehe 3 Novemba 2016, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mabinti wake, Liu Hui-chen na Liu Hui-ying, wajukuu watano, na mdogo wake Jun-fa. Mzee Peng Shih-fu ameomba jina lake nalo liandikwe hapa, miongoni mwa wafiwa.

Mwalimu, pumzika sasa, kwa amani.