Kura Kumi na Moja Zilizochezwa Drafti

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Kimataifa wa Wapenzi wa Drafti. Wageni mlioongozana naye. Wanatawi wenzetu, na majirani mliopanda ngazi kuja kuchungulia:

Karibu

Furaha tuliyo nayo tumeshindwa kuificha. Tangu barua yako ifike, sakafu imepigwa deki mara tano, na mama mwenye duka la viatu hapo chini ametuuliza kama kuna harusi. Tumemjibu ni zaidi ya hapo.

Tulikotoka

Tawi hili lilianza na watu watatu na vizibo vya soda. Mmoja wao ni Fundi Saa, aliyetufundisha karibu sote. Leo tuko kumi na mmoja, na hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili.

Yaliyotukuta

Hapa, Mheshimiwa, tunajianika wenyewe. Mwaka jana Umoja ulitaka matawi yapigie kura kanuni mpya: ukigusa kete, lazima uicheze. Sisi tunafanya kazi kwa zamu, hatukutani wote siku moja. Kwa hiyo kila mmoja hupita kwa wakati wake na kuweka kete ubaoni, nyeupe kukubali, nyeusi kukataa. Siku ya mwisho Katibu alipofika kuhesabu, aliwakuta wanatawi wenzetu wawili, mwokaji mikate na shemeji yake nesi, wamezama mchezoni, kura saba zimeshaliwa na kuchanganyika na kete za akiba.

"Tumetoka zamu ya usiku, kura tukazisahau, tukadhani mtu kaacha mchezo katikati," mwokaji alisema. "Mweupe alikuwa kashikwa pabaya, nikaona nimwokoe."

Cha kuchekesha, mweupe alishinda.

Muda wa kupiga kura upya haukuwepo, na Katibu hakutaka kukisia, akaandika ukweli mtupu. Makao makuu yakaweka kumbukumbu kwamba hatukupiga kura, na kanuni ikapita kwa tofauti ya tawi moja. Baadaye tuliulizana: wanane walikataa, watatu walikubali. Kura yetu ingehesabiwa, matawi yangelingana, na kanuni isingepita.

Mkono wa Fundi Saa hutetemeka. Hugusa kete mbili tatu kabla ya kuifikia anayoitaka. Tangu kanuni ipite hajacheza hata mara moja. Huja kila jioni, huwapangia wenzake kete, hukaa. Tulimsihi acheze tu hapa kwetu, akatukatalia.

"Sheria ni sheria, wanangu. Mkono wangu una mambo yake, niacheni niwatazame."

Inatuuma sana.

Ombi letu

Tumeandika barua nne. Tumejibiwa kwa heshima kwamba Mwenyekiti peke yake ndiye awezaye kurudisha jambo matawini, tena baada ya kujionea. Basi hatuombi viti wala ubao mpya.

Fundi Saa amekaa meza ya dirishani, na sasa ndiyo kwanza anasikia tulichopanga. Kiti kinachomwelekea ni chako. Cheza naye mchezo mmoja. Akigusa kete, mwache aendelee mpaka aifikie yake. Sisi alitukatalia, wewe hawezi kukukatalia. Ukimaliza, utuambie kanuni ibaki au irudi tuipigie kura.

Tunakutahadharisha tu kwa upendo: wengi humwonea huruma hatua tatu za kwanza, kisha huanza kutafuta pa kutokea.

Mungu akuzidishie afya, akurudishe salama kwa wanao, na akupe moyo mkuu kwa dakika hizi zinazokuja.

Ni sisi,
Wacheza Drafti wa Tawi la Ghorofani