Mabao Hamsini ya Haifa

Kijiwe chetu kiko Barking, huku ughaibuni, kwenye benchi lililo mbele ya mgahawa wa Bi Mwanamwema, pale watu wanapokokota vikapu vya sokoni mpaka wanatukanyaga vidole. Kila Jumamosi asubuhi tunakaa hapo, tunakunywa kahawa chungu na kugombana kuhusu ligi yetu ya hoki ya barafu. Ukiuliza nani kati yetu amewahi kukanyaga barafu, ni Soud peke yake, nje ya mlango wake, na alivunjika mkono. Ligi yenyewe ni ya kwenye simu. Wachezaji hawapo duniani. Unawapa majina unayotaka, kompyuta inawachezesha, na Jumamosi matokeo yanaanza kuingia. Watu wazima sisi, wengine tuna wajukuu, na siku hiyo tulikuwa tunapandishiana sauti juu ya jambo moja: timu ya nani ina makali zaidi ya kufunga.

Soud, Mpemba aliyestaafu ukarani, tunamwita Desimali. Ndiye aliyeanza.

— Tazameni wastani, yakhe. Pemba Barafu inafunga manne nukta mbili kwa mechi. Nyie mko kwenye tatu na ushei.

Allan alikuwa ametoka shift kwenye nyumba ya kutunzia wazee, bado amevaa yunifomu. Yeye ni Mkenya, na tunamwita VAR kwa sababu hakubali kitu mpaka kirudiwe.

— Wacha bana! Hizo goals zako ulifungia timu za mkiani. Friji ya Kisumu inafunga wakubwa. Hebu turudie replay.

— Replay ya nini, na mchezo wenyewe hakuna aliyeuona?

— Si ndiyo hiyo shida! Computer inatuficha. Hata mimi nimegundua inaangalia jina. Striker wangu nilimpa jina la landlord, hajafunga tangu Christmas.

Hapo Harith akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayejua neno la mwisho ni lake. Huyu ni Mzanzibari, dereva wa basi.

— Semeni mchoke. Wakali wa Kikwajuni wana mchezaji mmoja anayewatosha nyote. Haifa. Mabao hamsini na mbili.

Haifa ni jina la binti yake wa miaka kumi na sita. Anacheza hoki ya kweli, ile ya uwanjani, katika timu ya wasichana. Harith alimpa mfungaji wake wa kwenye simu jina hilo kwa mapenzi, akalitaja msimu mzima, na sisi tukamvika jina la Kocha.

— Basi mimi nshafahamu, akasema Desimali. Ni damu. Haifa wa simu anafunga kwa sababu Haifa wa kweli anafunga. Kompyuta za siku hizi zinajua kila kitu, mpaka ulichokula.

— Sasa umesema! akadakia Kocha. Mtoto yule ana shabaha tangu mdogo. Akikurushia ndala hakukosi.

— Mnaona? akasema VAR. Kocha anaiba. Ameingiza mtu halisi kwenye ligi ya watu hewa.

Nikamuuliza Kocha kama leo binti yake hana mechi.

— Anayo. Kanambia nende, nkamwambia mwanangu, mie nakufuata kwenye simu. Mechi zake zinagongana na matokeo yetu, nifanyeje? Halafu lile begi lake! Limejaa ukumbini, kila alfajiri nikenda kutawadha najikwaa. Sijui humo mna nini, na kazi yenyewe ni kukimbia tu.

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Hatujamaliza kucheka, Haifa akatokea upande wa stesheni, ushungi umelowa mvua, begi hilo hilo mgongoni. Tukasimama, tukapiga makofi mpaka wapita njia wakageuka, kisha tukakaa tena.

— Mfungaji huyo! akapaza Desimali. Leo umetia mangapi?

Haifa akampita. Alimtazama babake, akamuuliza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wanavyotujibu: yeye, binti yake, anacheza nafasi gani uwanjani?

— Mbele, akasema Kocha.

Haifa akaendelea kumkazia macho.

— Mbele kulia.

Haifa akapangusa maji ya mvua usoni.

— Kushoto, akasema Kocha.

VAR alikuwa anachungulia kikombe chake kitupu. Desimali alifuta miwani. Tulikuwa tumemzungumza mtoto huyu msimu mzima, na hakuna aliyeweza kumsaidia babake jibu. Haifa akashusha begi, akafungua zipu. Akatoa kofia ngumu yenye kinga ya uso, kisha mapande mawili manene ya kukinga miguu, akayapanga juu ya benchi, katikati yetu.

— Golikipa, akasema Desimali kwa sauti ndogo.

Haifa akatikisa kichwa kukubali. Akasema, bado kwa Kiingereza, kwamba leo hawakumfunga hata moja.

Simu ya VAR ikalia. Haifa wa Wakali wa Kikwajuni amefunga tena. VAR akaifunika simu kifudifudi kwenye paja lake. Niliona haya, nikatamani ningekuwa kwingine kokote. Tulikuwa tumempigia makofi mtoto wa watu kwa kitu ambacho hajakifanya hata siku moja.

Kocha akasimama, mikono hajui aiweke wapi. Akagusa ile kofia, akaiacha.

— Mwanangu, Jumamosi ijayo nakuja. Wallahi nakuja. Ntakaa nyuma ya goli lako.

Haifa akarudisha vitu vyake begini kimoja kimoja. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, nasi sote tukasikia.

— Jumamosi ijayo hakuna mechi, Baba. Leo ilikuwa fainali. Nilikwambia.

Akajitwika begi, akaenda zake nyumbani. Kocha akamfuata hatua chache nyuma bila kumwita. Bi Mwanamwema akatoka kukusanya vikombe, vingine bado vina kahawa, na hakuna aliyemzuia.