Celestino Loku, Aliyewatafutia Wafungwa wa Bangi Watu wa Kuwasamehe

Baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi yetu ya msaada wa sheria hapa Hai Jalaba, Juba, Mzee Celestino Loku anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Gari aliloahidiwa mwaka wake wa kwanza bado liko njiani. Sisi tunaopiga hesabu tumeacha kuliulizia.

Alirudi kutoka Arua, Uganda, na cheti cha ukarani, sauti ya mhubiri na mazoea ya kuonja chakula cha kila mtu. Alianza kama mkalimani, kisha akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuwaombea msamaha waliofungwa kwa bangi. Si wezi wala wapiganaji. Ni watu wa msokoto mmoja mfukoni.

Tatizo lilikuwa la ajabu, na linatuudhi hadi leo. Huku kwetu mkosaji husamehewa na aliyekosewa. Mwizi wa ng'ombe akilipa fidia, wenye ng'ombe huja mbele ya kamati ya msamaha, husema yamekwisha, naye hurudi nyumbani. Sasa Duku, mpakuaji mizigo bandarini, alifungwa miaka mitano kwa msokoto. Kamati ikauliza wako wapi aliowakosea. Hakukuwa na mtu. Faili likarudishwa mara tatu. Mwizi anatoka, Duku anabaki: hesabu hiyo utaifanyaje ipate jibu?

Mzee Loku hakuandika ombi la nne. Alikwenda mtaani kwa Duku kuwatafuta waliokosewa. Siku ya kikao alifika na mama yake Duku, Mama Rejoice, na majirani wa kujaza mabenchi mawili. Mwenyekiti alipouliza wamekosewa nini, Mama Rejoice alimjibu kuwa mwanawe amemwachia wajukuu wawili na paa linalovuja, basi kama kuna aliyekosewa ni yeye, na amesamehe. Wamrudishe huyo mtu apande juu ya paa. Jirani mmoja akadakia kuwa yeye kapoteza siku nzima ya biashara katika soko la Custom, na hilo nalo analisamehe. Kamati nzima ilicheka. Wiki haikuisha kabla Duku hajarudi nyumbani.

Tangu hapo njia yake ndiyo njia yetu. Wametoka watu sitini na mmoja. Mzee hutangaza mia moja, kwa kuwa anahesabu na mama waliokuja kuwasamehe. Tukimsahihisha, anatuita benki.

Wanane bado wako ndani, na kamati inakaa Jumanne inayofuata. Moraa, anayemrithi, amepata waliokosewa na saba kati yao. Wa nane ni Austin, fundi simu, asiye na ndugu Juba wala jirani aliyekubali kuja. Asipopata mtu, faili litarudi. Nasi wafanyakazi, kamati haituruhusu kuketi upande wa waliokosewa.

Mzee Loku alisikiliza, akamaliza maharage ya Moraa, kisha akatukumbusha kwamba Jumanne yeye si mfanyakazi wetu tena. Isitoshe, Austin alikamatwa asubuhi ileile aliyokuwa ameifungua simu ya mzee, na mpaka leo iko vipande vipande kwenye mfuko wa nailoni. Amekosewa kweli, asema, na yuko tayari kusamehe.

Asante, Mzee Loku, kwa kila familia uliyoiunganisha. Mungu akujalie siku nyingi, tulivu na zenye afya. Jumanne tutakutazama ukiwa umeketi upande ule mwingine.